Siku Tulipoangika Usukani

Niliporejea kutoka Marekani katikati ya mwaka 2019, nilitakiwa kuandika ripoti ya kazi niliyotumwa kuifanya huko. Niliiandika kwa taadhima zote: idadi ya vipindi, vitabu vilivyotumika, taabu wanayoipata wanafunzi wa kigeni katika ngeli na upatanisho wa kisarufi, pamoja na mapendekezo ya kuiboresha kozi. Kila nililoliandika lilikuwa kweli. Hata hivyo, msomaji mpendwa, tukio lililonikaa rohoni zaidi mwaka ule halikuingia katika ripoti hiyo. Halikutukia darasani, na isitoshe lina aibu yangu ndani yake. Wahariri wa jarida letu wameniomba insha inayohusu nafsi yangu, nami nimeona heri nilitoe sasa kuliko kuendelea kulifuga.

Nilikuwa msaidizi wa kufunza Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Wisconsin. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza walikuwa vijana watupu, isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa mzee wa miaka 71, mwenye mvi kama pamba na mashine ndogo ya kusikilizia katika sikio la kushoto. Chuo kile kiliwaruhusu wazee kuhudhuria madarasa pasipo kufanya mtihani, naye alichagua letu kwa sababu mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa amefundisha hisabati katika shule moja ya magharibi mwa Kenya, akiwa mmoja wa vijana wa kujitolea waliotumwa na serikali yao. Kiswahili chake kilikuwa kimesalia mabaki. Alijua kuagiza chai, kukataa bei ya sokoni, na kusema "pole" kwa namna inayotoka moyoni. Aliniita Mwalimu, ingawa ningeweza kuwa mjukuu wake. Mimi nilimwita Mzee, na darasa zima likafuata.

Wiki ya tano au ya sita niliwapa zoezi la kueleza vitu vilivyomo nyumbani mwao. Ilipofika zamu yake alisimama, akajikohoza, akasema, "Katika nyumba ya gari yangu kuna ndege. Ndege hana kichwa bado. Mimi nampa mkia kwanza."

Vijana waliduwaa. Mimi nilidhani amechinja kuku au bata mzinga. Nilipomdadisi nikagundua kwamba kosa lilikuwa la upatanisho tu: alikuwa akiunda eropleni. Nilitumia dakika zote zilizosalia kueleza tofauti ya ndege *hana* na ndege *haina*, na sidhani kwamba kuna mwanafunzi wa darasa lile aliyewahi kuikosea tena. Kipindi kilipokwisha Mzee alinikaribisha nikaione mwenyewe, nami kwa kuwa Jumamosi za ugenini ni ndefu, nilikubali.

Ndege yenyewe ilikuwa ya viti viwili, ya bati la alumini, yenye gurudumu dogo mkiani. Kiwanda kilichomuuzia hakiuzi ndege, kinauza masanduku. Mnunuzi hupelekewa mabati yaliyokatwa na kutobolewa, mafurushi ya ribiti, boliti na nati, michoro na kitabu cha maelekezo, kisha huachwa na miaka yake mwenyewe. Mkia huja mwanzo, kwa kuwa ndio mdogo, na anayeshindwa na mkia huwa hajapoteza fedha za ndege nzima. Sheria ya huko inamtaka muundaji athibitishe kwamba zaidi ya nusu ya kazi imefanywa na watu walioifanya kwa kujifunza au kwa kujiburudisha. Akimaliza, mkaguzi huja. Mkaguzi akiridhika, ndege hupewa cheti cha kundi la majaribio, na neno hilo hubandikwa mahali ambapo hakuna abiria atakayeingia asilione. Kisha, kwa kanuni za wakati ule, rubani alitakiwa kuiruka saa zisizopungua 25, au 40 kutegemea injini na rafadha, katika eneo aliloainishiwa, kabla ya kuruhusiwa kupakia abiria.

Mzee alikuwa katika mwaka wa sita. Mkewe, bibi mcheshi aliyenikaribisha kwa keki ya malenge, alikuwa amekwisha kuapa kwamba hataipanda. Mjukuu wao wa miaka 9 alikuwa na msimamo tofauti: ameingia humo kabla hata viti havijafungwa, akaandika jina lake kwa penseli ubavuni mwa nafasi ya abiria.

Basi tukafanya mapatano. Mimi ningekwenda kila Jumamosi kumshikia hiki na kumpa kile, naye angezungumza Kiswahili muda wote wa kazi. Wenzangu wa isimu mtaielewa furaha yangu. Hapa palikuwa na kazi nzima ya kuunda istilahi, pasipo kamati wala posho ya kikao. Tulikwama mlangoni kabisa, kwenye jina la ndege za namna hii kwa Kiingereza, kwa sababu ukilitohoa kwa kuliongezea irabu mwishoni unapata "kiti", na Mzee akawa anawaambia watu kwamba anajenga ndege ya kiti. Tukakubaliana kusema *ndege ya vipande*. Nati, boliti, spana, ribiti, grisi na bisibisi havikutusumbua. Hayo ni maneno ya gereji yoyote kutoka Mombasa hadi Busia. Kile kibati cha wima kilichosimama mkiani nilikiita *pezi*, kama la samaki, na Mzee akalipenda neno hilo kiasi cha kulitumia hata anapozungumza na mkewe kwa Kiingereza.

Kisha tukafika kwenye kile kinachoning'inia nyuma ya pezi na kugeuka kushoto na kulia. Nilisema bila kufikiri, "Usukani."

Mzee alikataa. Kwake yeye usukani ulikuwa ule mviringo anaoushika dereva wa matatu, na alikuwa na kumbukumbu kali za matatu. Ikabidi nimweleze kwamba neno hili lilikuwa baharini kabla gari la kwanza halijafika pwani yetu. Kwamba tulilipata pamoja na Waarabu katika biashara ya vyombo. Na kwamba gari ndilo lililoazima. (Magazeti yetu nayo yameliazima na kulichosha. Kila anayechaguliwa kuwa mwenyekiti wa chama cha ushirika "ametwaa usukani", hata pale ambapo chombo chenyewe hakijatia nanga tangu zamani kwa kuwa hakijawahi kung'oa.) Nilimwambia pia kuhusu *shikio*, ambalo ni jina jingine la kitu hicho hicho, na kuhusu *kana*, ule mti anaoushika nahodha ili augeuze usukani. Nilimwambia kwamba babu yangu mzaa mama ni fundi wa vyombo Matondoni, kisiwani Lamu, na kwamba nimekulia miguuni mwake nikimpa pamba ya kukalafatia.

Hayo yalikuwa kweli. Lakini sikumwambia kwamba kuangika usukani ilikuwa kazi ya wanaume, na kwamba mimi niliitazama nikiwa nimeketi mchangani. Nilimwacha aamini kwamba anasaidiwa na mtu wa kazi. Huenda hapo ndipo aibu yangu ilipoanzia.

Nieleze kwa kifupi kazi ya kitu hiki, maana hata mimi nilikuwa na wazo potofu. Nilidhani usukani wa ndege huigeuza ndege kama usukani wa jahazi unavyoligeuza jahazi. Sivyo. Ndege hugeuka kwa kuinama: bawa moja hushuka, jingine hupanda, na nguvu ile ile inayoibeba hewani huivuta upande ilikoinamia. Ila bawa linalopandishwa huburutwa na upepo zaidi ya lile linaloshushwa, na pua ya ndege huvutwa kuelekea upande usiotakiwa. Usukani upo ili kuirudisha pua mahali pake. Ndugu wawili, Orville na Wilbur Wright, waliligundua hili kwa maumivu mwaka 1902, walipokuwa wakijaribu chombo chao kisicho na injini kwenye vilima vya mchanga vya Kitty Hawk. Mwanzoni walikitia mapezi ya nyuma yasiyogeuka. Mara nyingine, walipoinamisha, chombo kiliteleza upande mpaka bawa la chini likachimba mchanga. Waliyaondoa mapezi, wakatia moja linalogeuka, wakaliunganisha kwa nyaya na mabawa yenyewe. Kabla ya hapo walikuwa na kitu kinachoelea tu. Injini ilikuja mwaka uliofuata.

Kazi nyingine ya usukani ni wakati wa kupaa. Rafadha ikizunguka kwa nguvu zote huisukuma pua upande mmoja, kushoto kwa ndege nyingi za Marekani, na rubani hukanyaga pedeli ya kulia ili asiondoke barabarani. Pedeli huvuta waya, waya hupita ubavuni mwa ndege hadi mkiani. Mguu wa kulia, pua kulia. Katika mashua ni kinyume: ukiisukuma kana kulia, omo huenda kushoto. Mzee aliandika tofauti hiyo katika daftari lake la msamiati.

Mwishoni mwa Januari 2019 baridi kali ilishuka kutoka kaskazini, kipimajoto kikafika karibu nyuzi 30 chini ya sifuri, na madarasa yakafungwa. Sitaielezea baridi hiyo. Kila Mkenya aliyewahi kukaa huko ameielezea, na wote wametia chumvi kidogo na wote wamesema kweli. Baridi ilipopungua, Jumamosi moja ya Februari, Mzee alinipigia simu akasema, "Mwalimu, leo usukani."

Usukani ulikuwa mwepesi ajabu. Niliunyanyua kwa mikono miwili kama ninayebeba sinia. Bati lake lilikuwa na unene wa karibu nusu milimita, nalo lilikuwa limetiwa mbavu ndani ili lisibonyee. Juu kabisa, mbele ya mstari wa bawaba, palikuwa na mkono mfupi uliofichwa kipande cha risasi, kizito kuliko unavyotarajia. Niliuliza kwa nini mtu ahangaike kupunguza uzito kila mahali kisha atie risasi. Mzee alieleza kwamba usukani ulio mzito nyuma ya bawaba zake unaweza kuanza kutikisika wenyewe ndege inapokwenda kasi, na mtikisiko huo ukianza hukua upesi mno, hata mkia ukachanika kabla rubani hajajua analosikia. Risasi ile huweka mizani.

Unashikiliwa na beringi 3: ya chini, ya kati na ya juu. Kila beringi ina jicho la kupitishia boliti na shina lenye hesi lililopenya katika usukani. Kwa sababu ya zile hesi, ukizungusha shina nusu mzunguko jicho husogea mbele au nyuma kiasi kidogo, na ndivyo macho yote matatu yanavyopangwa katika mstari mmoja ulionyooka. Yasiponyooka usukani hukwama, au hugeuka kwa shingo upande. Kwanza tulipachika vijiti laini vya chuma badala ya boliti, tukaugeuza kushoto na kulia, tukapima mwanya, tukashusha, tukazungusha nusu mzunguko, tukapandisha tena. Tulifanya hivyo mara tano. Kisha tukapima pembe. Mwongozo wa ndege ile unataka usukani ugeuke nyuzi kati ya 30 na 35 kila upande na kukomea kwenye vizuizi. Ukipita hapo utagonga yale mapezi ya kulala yanayoinua na kushusha pua. Mzee alikuwa amevichonga vizuizi mwenyewe, akavipiga tupa mara mbili mpaka vikakubali.

Saa nane mchana tukaanza kutia boliti za kweli. Tulianza na ya chini, kama babu anavyofanya, nami nilijigamba kwa hilo. Pande zote mbili za jicho la beringi hutiwa washa nyembamba za kujaza nafasi. Ncha ya boliti nayo hutiwa washa moja nene kiasi cha milimita moja na nusu, halafu nati yenye mapengo kichwani mithili ya taji. Katika mapengo hayo hupitishwa pini yenye miguu miwili ambayo hukunjwa. Zipo nati zinazojishika zenyewe zisizohitaji pini, lakini boliti inayozungukwa na kitu kila siku haiachiwi nati ya namna hiyo pekee. Inaweza kufunguka kidogo kidogo, na rubani hayupo mkiani kuiona.

Boliti ya kati ndiyo iliyotutoa jasho. Nafasi kati ya pezi na usukani haitoshi kupitisha dole gumba, na vidole vya Mzee vilikuwa vimevimba viungo kwa baridi yabisi. Alijaribu kwa nusu saa. Hatimaye alinipa kibati chembamba alichokichonga chenye kijino cha kushikia washa, akasema, "Mwalimu, vidole vyako."

Nilizipachika washa zote za pande za jicho. Nikapenyeza boliti ikaingia kwa mlio mtamu. Wakati huo mkewe akamwita ndani apokee simu, naye akaondoka akisema nimalizie nati na pini, yeye angekuja kukaza kwa spana ya kupimia. Nikabaki peke yangu na ile washa ya mwisho. Niliishika kwa kile kijino, nikaielekeza kwenye ncha ya boliti, ikateleza.

Niliisikia ikigonga bati mara moja, kisha kimya. Nilitazama sakafuni nikiwa nimepiga magoti na tochi mdomoni. Haikuwapo. Kwenye kifuniko cha kopo, Mzee alikuwa amehesabu vitu vya boliti ile kamili, hapakuwa na cha ziada. Washa nyingine zilikuwa katika saraka mojawapo kati ya saraka 40 zenye lebo za nambari nisizozijua. Ningeweza kumngoja. Ningeweza kusema, "Mzee, imeniponyoka." Ni sentensi fupi, ya darasa la kwanza. Badala yake nilitia nati moja kwa moja, nikaikaza kwa spana mpaka ikakataa, nikapitisha pini, nikaikunja miguu. Pini ilikaa juu kidogo kuliko ile ya boliti ya chini. Nililiona hilo waziwazi.

Mzee aliporudi, nilimwambia nimekwisha. Alitia spana yake ya kupimia pale ilipoweza kufika, ikatoa mlio, akaridhika. Boliti ya juu ilituchukua dakika kumi. Kisha akasimama nyuma ya mkia, akaushika usukani kwa kidole kimoja, akaupeleka kulia, akaurudisha kushoto, uso wake ukiwa wa mtoto aliyepewa baiskeli. Usukani ulipofika kulia nilisikia *tik*. Ulipofika kushoto, *tik*. Mzee hakusikia kitu. Alikuwa ameizima mashine ya sikio tangu asubuhi kwa sababu ya kelele za kishinikizi cha hewa. Mkewe alituletea chai. Nikainywa.

Usiku ule nilijiambia kwamba washa ni kitu kidogo. Usiku uliofuata sikulala. Nilikuwa nimefungua kitabu kimoja cha mafundi wa ndege nilichoazimwa na Mzee mwenyewe, nikitafuta faraja, nikapata kinyume chake. Boliti ina sehemu mbili: shingo laini na sehemu yenye hesi. Washa ya mwisho huwapo ili nati ikomee kwenye hesi na kubana kinachobanwa. Ukiiondoa, nati inaweza kufika kwenye shingo laini na kukwama hapo. Mkono utahisi imekaza, spana ya kupimia itatoa mlio wake, na kumbe kilichobanwa ni boliti yenyewe, si kiungo. Aidha, ile iliyopotea ilikuwa hai ndani ya usukani, ikitembea. Nilikumbuka jina lililoandikwa kwa penseli ubavuni mwa kiti. Herufi ya pili ilikuwa imegeuzwa nyuma mbele, kama watoto wanavyofanya.

Jumatatu, saa nne asubuhi, ratiba yangu ilinitaka nifundishe *-nge-* na *-ngali-*. Sijabuni, ratiba ilikuwa imechapishwa tangu Agosti. Niliandika ubaoni mifano ile ile tunayoijua sote: ningekuwa na fedha ningenunua gari, na kadhalika. Nikaeleza kwamba *-nge-* huacha mlango wazi, jambo bado laweza kuwa. *-Ngali-* huufunga, wakati umekwisha pita. Nikawataka watunge sentensi zao. Mzee alisimama, mnyofu kama kawaida yake, akasema, "Mwalimu asingalikuja, usukani ungalikuwa bado kwenye meza."

Vijana walimpigia makofi, kwa kuwa hiyo ni sentensi ngumu. Mimi niligeuka nikafuta ubao uliokuwa bado haujajaa.

Nilimwambia baada ya kipindi, kwenye ngazi, watu wakipita. Nilianza kwa Kiswahili nikamalizia kwa Kiingereza, maana sikutaka asielewe hata neno moja. Alisikiliza hadi mwisho. Hakunikemea, wala hakunipoza. Aliuliza maswali matatu tu: boliti ipi, ilianguka upande upi, na kama kulikuwa na kitu kingine. Nikasema hakuna. Akasema, "Jumamosi, saa tatu," akaenda zake.

Jumamosi hiyo tulivua usukani wote. Alipoilegeza ile nati ya kati alinionyesha kwa lenzi mwanzo wa shingo ya boliti: hesi mbili za kwanza zilikuwa zimesagika, pana kama kisu butu. Boliti na nati alizitupa. Pini zote tatu nazo alizitupa, kwani pini iliyokwisha kukunjwa haitumiki mara ya pili. Usukani tuliubeba mpaka kwenye blanketi sakafuni, tukaupindua juu chini, tukaupigapiga ubavuni kwa viganja. Ilisikika ikikimbia ndani ya mdomo wa mbele, *tik, tik*, ikikwama kwenye kila ubavu. Ilitutoa karibu saa nzima. Mwishowe ilichomoza kwenye tundu la beringi ya juu, ikaanguka kwenye blanketi bila sauti. Mzee aliiokota, akaitia katika mfuko wa shati.

Tuliangika upya. Boliti ya kati nilitia mimi tena. Aliniambia nitie mimi. Ila safari hii alishika tochi, na kila washa iliyoingia aliihesabu kwa sauti kwa Kiswahili: moja, mbili, tatu, nne. Kuanzia siku hiyo hadi nilipoondoka Mei hakuniacha tena peke yangu na kazi isiyokaguliwa. Jambo hilo liliniuma, nami sioni aibu kusema kwamba liliniuma, ingawa alikuwa na haki nalo.

Niliporudi nyumbani nilikwenda Matondoni kumwamkia babu. Nilimkuta chini ya makuti, akipaka sifa kwenye mbao za mashua iliyopinduliwa. Nilimsimulia yote, pamoja na washa, na pamoja na kujigamba kwangu kwa jina lake. Nilitaraji aniulize kuhusu uwongo. Hakugusia. Alitaka kujua usukani ulikuwa na upana gani, unashikwa na chuma gani, na risasi ile ilikuwa na uzito gani. Nilimchorea mchangani. Aliutazama mchoro kwa muda, akauliza, "Kana i wapi?"

Nikamwambia hakuna kana. Ni nyaya na pedeli, nahodha hukanyaga.

"Chombo cha kuongozwa kwa maguu!" akasema, akatikisa kichwa. Akanipa brashi nipake upande wa pili.

Barua ya Mzee ilinifikia mwishoni mwa mwaka 2021, ikiwa imeandikwa kwa mkono na kwa Kiswahili chote. Janga la korona lilikuwa limemfungia ndani, akapata muda wa injini. "Mwalimu," aliandika, "ndege imeruka mwezi wa Agosti. Usukani anasikia mguu vizuri. Mjukuu amepanda, hakuogopa, mimi kidogo. Washa wote wapo, nimehesabu."

Nilifurahi kuona *imeruka*. *Usukani anasikia* nililiacha kama lilivyo. Nilimjibu jioni ile ile, nikamuuliza kama mkewe amekwisha kuipanda. Katika barua zilizofuata hajawahi kulijibu swali hilo.